Kujenga ushago bila pesilipu: sacco, benki au mkopo wa NHC?

BeloYaAsubuhi
Habari zenu nyote. Mimi na mume wangu tunaishi Nairobi, tumepanga Umoja, na tumeamua mwaka huu lazima tuanze kujenga kwetu mashambani. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko la nje. Hatujawahi kuchukua mkopo wa nyumba. Kila ninayemuuliza ana lake. Sacco yangu inasema itanikopesha. Benki inasema ina mkopo wa nyumba wa riba nafuu kupitia kampuni ya KMRC. Jirani ananisukuma niende Shirika la Taifa la Nyumba, NHC, na mwenzangu sokoni anausifu mkopo wa Nyumba Smart wa benki ndogo ya KWFT. Upi ni bora? Naomba sana ushauri wa waliopitia.

HesabuKwanza
Dada, hapo hatuwezi kukujibu. Mnahitaji pesa ngapi? Mapato yenu ni ya mshahara au ya biashara? Akiba yako ya sacco ni kiasi gani? Shamba liko wapi, na hati iko kwa jina la nani?

FundiSaruji
Na udongo ni wa aina gani? Kama ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, msingi peke yake utameza robo ya pesa kabla hujaona ukuta.

BeloYaAsubuhi
Asanteni. Mimi nauza nguo za watoto Gikomba, mume wangu ana nduthi, pikipiki ya abiria. Hatuna pesilipu, karatasi ya mshahara. Agosti na Desemba biashara ni nzuri, Januari huwa kavu kabisa kwa sababu wazazi wote wako kwenye karo. Sacco nina akiba ya 150,000. Shamba liko Mwala, Machakos, udongo mwekundu wenye mchanga. Fundi wa huko ametukadiria milioni 1.2.

HesabuKwanza
Sawa, sasa kuna la kusema. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo unaangalia 450,000, tena ukipata wadhamini. Haifiki hata nusu ya makadirio. Lakini hiyo ndiyo pesa rahisi kuliko zote kwa mtu wa biashara ndogo, kwa sababu sacco inaangalia akiba yako na wadhamini wako, haikuulizi mwajiri.

Unapolinganisha, usiulize asilimia tu, uliza riba inahesabiwaje. Chukua 500,000 kwa miezi 36. Kwa asilimia 12 kwa mwaka ya salio linalopungua, unalipa kama 16,600 kwa mwezi, na riba yote inafika karibu 98,000. Mkopeshaji mwingine atakuambia "asilimia moja na nusu tu kwa mwezi", ila anaihesabu juu ya mkopo wote mpaka siku ya mwisho. Hapo unalipa karibu 21,400 kwa mwezi, na riba yote ni 270,000. Ukisikia moja na nusu kando ya kumi na mbili, masikio yanakudanganya.

KMRC haikukopeshi wewe. Inazikopesha benki na sacco kwa riba ya chini na kwa muda mrefu, nazo zinakopesha watu wa kawaida kwa riba ya tarakimu moja. Tofauti ni kubwa. Milioni 2 kwa miaka 20 kwa asilimia 9.5 ni kama 18,600 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ni kama 26,300. Lakini huo ni mkopo wa rehani. Wanataka hati safi, mthamini, wakili, na uthibitisho wa mapato. Mtu wa biashara huombwa taarifa za benki na za M-Pesa za miezi mingi, kwa hiyo kama mauzo yako yanapita mkononi, anza leo kuyapitisha kwenye Till, namba ya malipo ya M-Pesa ya biashara.

Na hujajibu: hati iko kwa jina la nani?

MzeeWaKiserian
Mimi sikopi pesa ya kulala. Wanangu, nyumba ya ushago haikuletei kodi. Mkopo wa biashara unajilipa, mkopo wa nyumba ya kulala unalipwa na biashara. Mwezi mmoja nunua mawe, mwingine nunua mchanga, wa tatu lipa fundi. Nyumba yangu niliijenga hivyo, na leo hakuna mtu duniani wa kunigongea mlango.

FundiSaruji
Mzee, nakuheshimu, lakini mimi ndiye ninayeitwa kumalizia hizo za kidogo kidogo. Ukuta unakaa misimu miwili ya mvua bila paa, maji yanakula viungo. Saruji ikiwekwa stoo yenye unyevu inaganda. Nondo zinaibwa. Mwenye nyumba yuko Nairobi, analetewa picha kwa simu, na picha ni ya nyumba ya jirani. Kama ni awamu, basi awamu iwe kitu kinachoweza kukaa chenyewe: msingi na slabu mpaka mwisho, kisha upumzike. Kuta na paa pamoja. Usiache kuta bila paa.

MamaWaPacha
Hilo la awamu ndilo mikopo kama Nyumba Smart inalenga. Unachukua kidogo, unamaliza sehemu, unalipa, unachukua tena. Mimi nilimalizia paa na tangi la maji hivyo kupitia kikundi chetu. Riba si ya kufurahisha, lakini unamaliza haraka na hati ya shamba inabaki kabatini. Kwa mwanamke wa soko mwenye kikundi kizuri naipenda kuliko rehani.

NyotaYaJoska
Kwani lazima Mwala? Na hiyo milioni 1.2 mngepata ploti huku Joska au Malaa, mnalipa polepole kwa kampuni ya ardhi, hakuna benki, hakuna wadhamini, hakuna CRB ya kukagua rekodi yako ya madeni. Mnajenga mabati mnahamia, kodi ya Umoja inageuka kuwa mawe. Asubuhi unapanda matatu unafungua kibanda Gikomba. Nyumba ya Mwala mtalala Krismasi na Pasaka tu.

TabithaMlimani
NyotaYaJoska, naomba nieleze hili la kulipa polepole, kwa sababu limetukalia kooni nyumbani.

Tulinunua ploti upande wa barabara ya Mombasa, kwa kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu kesi iko mahakamani. Tuliweka amana, tukasaini mkataba mbele ya wakili, tukaenda kuitafuta hati kwenye msajili wa ardhi kabla ya kulipa hata senti. Hati kubwa ya shamba lote ilikuwa safi, kwa jina la kampuni. Tukalipa kila mwezi na risiti zote tunazo. Mume wangu alikuwa akifanya zamu za usiku ili tusikose hata mwezi mmoja.

Tulipomaliza kulipa tukaomba hati yetu. Tukaambiwa mpimaji anashughulikia. Halafu ofisi ya ardhi imehamia kwenye mtandao, tungoje. Halafu mkurugenzi amesafiri. Mwishowe wakili wetu akafanya utafutaji upya, na pale pale kwenye hati kubwa kulikuwa na rehani ya benki. Kampuni ilikuwa imekopa kwa kutumia shamba lote, pamoja na ploti zetu, sisi tukiwa katikati ya kulipa. Deni halikulipwa. Tulijua kuna mnada tulipoona tangazo gazetini.

Wanunuzi tumeungana na kuna amri ya mahakama ya kusimamisha mnada kwa sasa. Lakini fikiria mtu amejenga pale, ana watoto pale, na benki nayo ina karatasi zake halali. Tumelipa ardhi, sasa tunalipa wakili.

Yeyote anayenunua kwa awamu: utafutaji wa kwanza hautoshi. Rudia kabla ya kila malipo makubwa. Na ukishasaini mkataba, mwambie wakili aweke zuio kwenye hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mnunuzi kufanya hivyo. Zuio likiwepo, mwenye hati hawezi kuiweka rehani kimyakimya. Hakuna aliyetuambia hilo wakati ule.

NyotaYaJoska
Pole sana dada Tabitha. Lakini si kampuni zote. Mimi hati yangu ninayo.

TabithaMlimani
Nafurahi unayo. Sisemi zote. Nasema mnunuzi hana ulinzi mpaka aweke jina lake mahali fulani kwenye sajili.

KaraniWaArdhi
Zuio ni sahihi kabisa. Niongeze kwa walio upande wa pili, wanaoweka hati zao rehani: mkilemewa na malipo msikimbie barua. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mkopaji notisi ya siku 90 ya kurekebisha, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana siku zake 45. Watu huzipoteza siku hizo zote wakijificha, kumbe wangekaa na mkopeshaji wakapanga upya.

BeloYaAsubuhi, ndugu HesabuKwanza amekuuliza mara mbili kuhusu hati. Nami nauliza.

BeloYaAsubuhi
Hati ni ya baba mkwe. Alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mume wangu alionyeshwa sehemu yake mzee akiwa hai, mipaka inajulikana, miti ilipandwa na ndugu wote wanakubaliana. Hakuna ugomvi.

HesabuKwanza
Basi benki, KMRC na NHC zote ziweke kando kwa sasa. Hakuna atakayeweka rehani hati ya marehemu.

KaraniWaArdhi
Ndivyo. Kuonyeshwa si kumiliki. Mnahitaji mirathi. Mnaanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, cheti cha kifo, na utafutaji wa hati. Mnafungua maombi mahakamani, yanatangazwa kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi. Mkipewa usimamizi wa mali ya marehemu, kwa kawaida mnangoja miezi sita ndipo uthibitishwe pamoja na mgao. Baada ya hapo mpimaji anagawa vipande, bodi ya ardhi inatoa idhini kwa sababu ni shamba la kilimo, na mume wako anapata hati yake. Ndugu wakiwa na neno moja, hii si kazi ya kutisha. Ndugu mmoja akifariki kabla hamjaanza, warithi wanaongezeka na neno moja linakuwa maneno kumi. Anzeni sasa hivi, mkiwa bado mnapendana.

MamaWaPacha
Na wewe mwenyewe, dada? Akiba ya sacco ni yako, wadhamini ni wenzako wa soko, mkopo utakuwa kwa jina lako, na nyumba inasimama kwenye shamba la familia ya mume. Hati itakapotoka, naomba iwe ya majina mawili.

MzeeWaKiserian
Mwanangu, hilo ni la kuzungumzwa nyumbani kwa upole. Ukilileta kwa wazee wa Mwala kama sharti, utaonekana umekuja kuchukua shamba.

MamaWaPacha
Mzee wangu, kwa heshima yote, upole na karatasi vinaweza kwenda pamoja. Dada yangu alijenga kwa mume, mume akafariki, shemeji zake wakamwambia achukue mabati yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango wa mke, lakini ukiwa mahakamani unaulizwa risiti. BeloYaAsubuhi, weka risiti ya kila lori.

BintiWaPumwani
Samahani kuingilia. Kuna njia ya kujenga bila riba? Sisi riba hatuwezi.

HesabuKwanza
Dada, benki za Kiislamu kama Gulf African zina mpango wa musharaka: benki na wewe mnamiliki pamoja, unanunua sehemu yake kidogo kidogo huku ukilipia matumizi. Ila nao wataomba hati.

NyotaYaJoska
Na Boma Yangu, mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, hamjaitaja? Si sisi wote tunakatwa pesa zake.

KaraniWaArdhi
Anaweza kujiandikisha, hata bila mwajiri. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inataja pia nyumba za mashambani. Lakini zile tunazoziona zikijengwa nyingi ni ghorofa za mijini, na yeye anataka nyumba kwenye shamba lake.

BeloYaAsubuhi
Nimesoma yote, asanteni sana. Jana usiku nimeongea na mume wangu kuhusu mirathi, amesema kaka yake mkubwa ndiye anayeishika ile hati na atampigia. Hilo la majina mawili nitalisema mwenyewe wakati wake ukifika, lakini nitalisema.

Swali: je, niikope sacco sasa ile 450,000 tuanze msingi huku mirathi ikiendelea, au ningoje hati ndipo nitafute ya riba ya chini?

HesabuKwanza
Ngoja. Ongeza akiba wakati mnangoja, mara tatu itakua yenyewe.

FundiSaruji
Mimi ningeweka msingi. Saruji ya mwakani haitakuwa ya bei ya leo.

KaraniWaArdhi
Kujenga juu ya mali ya marehemu kabla ya mgao kuthibitishwa ni hatari hata kama ndugu wanacheka nawe.

FundiSaruji
Familia ngapi Ukambani zimejenga hivyo hivyo na wanaishi? Dada, kama mchanga uko karibu na udongo ni mwekundu, achana na mawe ya kusafirishwa. Tofali za kushikana zinafyatuliwa pale pale, saruji kidogo kwenye mchanganyiko, hazichomwi, na hazihitaji plasta nyingi.

MzeeWaKiserian
Hizo tofali mvua ikipiga zinamomonyoka. Nimeona Kajiado.

FundiSaruji
Ulizoona zilifyatuliwa kwa udongo mbaya, mzee, au hazikumwagiliwa maji mpaka zikomae. Paa likitokeza vizuri na msingi ukiinuka hazina shida.

MamaWaPacha
FundiSaruji, mashine ya kufyatulia inakodishwa kwa siku au kwa tofali? Kikundi chetu kina watu wanne wanaotaka kujenga upande wa Kangundo.

FundiSaruji
Zote mbili zipo. Niandikie ndani nikupe bei.