Naomba ushauri: waamini wanaondoka kabla ya baraka, parokia yetu tuianzie wapi?

Mlei wa Ziwani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mimi ni katibu wa halmashauri ya walei katika parokia moja ya mjini huku Kanda ya Ziwa. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Jumapili iliyopita, Misa ya pili, nilikaa benchi la nyuma kabisa nikaangalia saa. Hadi sala baada ya komunyo Misa ilikuwa imechukua saa moja na dakika 20. Hapo ndipo ikaja zamu yetu walei: matangazo ya ndoa, matokeo ya mavuno jumuiya kwa jumuiya (vile vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja), jumuiya zenye deni la ujenzi zikasimamishwa na majina yakasomwa, kisha mnada. Jogoo alikuwa amefungwa miguu pembeni ya mimbari, kila bei ikipanda anapiga mabawa. Akaenda kwa shilingi 45,000. Zamu yetu peke yake, dakika 50. Padre anaposema "Nendeni na amani", nusu ya mabenchi upande wangu yalikuwa matupu.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane, muuza dagaa. Majina ya jumuiya yao yalipokaribia alijifunga kanga vizuri, akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba, akatoka akinyata ukutani. Sikuona dharau pale. Niliona mtu anayekimbia aibu mbele ya Ekaristi, na orodha ile niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Vijana wakishapata kipaimara hatuwaoni. Jumuiyani Jumamosi asubuhi ni akina mama wale wale saba au wanane. Kwenye vikao tunasema "tuandae semina", "tununue spika". Baba Paroko ni msikivu, ameniambia nilete mapendekezo kikao kijacho. Tuanzie wapi?

Besi wa Kwaya

Milele amina, katibu. Nitasema ya upande wangu tu.

Kwaya yetu ilikuwa inaleta wimbo mpya kila Dominika, hata "Mtakatifu" tunabadilisha. Tulikuwa tunaimba vizuri na watu wanatutazama. Kwaresima moja mwalimu wetu akaamua: "Mtakatifu" mmoja na "Mwanakondoo" mmoja, rahisi, hadi Pasaka. Na dakika tano kabla ya Misa anasimama mtu mmoja bila kinanda kufundisha kiitikio cha wimbo wa katikati. Dominika ya tatu nilisikia sauti nzito nyuma yangu, nikageuka, ni mzee ambaye miaka yote anakuja na kukaa kimya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema tangu 1963 kwamba waamini washiriki liturujia kikamilifu, kwa ufahamu na kwa utendaji. Kwaya inaweza kuwasaidia au kuwaziba midomo. Punguzeni pia sauti ya kinanda, tafadhali.

Mama Mapacha

Katibu, mimi ni mmoja wa waliopotea, kwa hiyo nisikilize.

Nilihamia mji huu kikazi. Mwaka na nusu nasali parokia moja kubwa, hakuna aliyeniuliza jina. Siku ya kwanza kuulizwa ni nilipotaka ubatizo wa mtoto, na swali lilikuwa: kadi ya zaka iko wapi, barua ya jumuiya iko wapi? Nikaenda kusali kwa walokole. Jumapili ile ile waliandika namba yangu, Jumanne wakanipigia kuuliza kama mtoto amepona kikohozi. Nilikaa huko miaka miwili.

Nilirudi nilipojifungua mapacha. Mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), jirani, alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akafua nepi, akakaa hadi jioni. Alikuja hivyo siku nne. Kadi hakuitaja hata mara moja. Siku ya tano nilimuuliza mwenyewe jumuiya yao inasali saa ngapi.

Spika hazikunirudisha.

Padre Shambani

Ndugu katibu, Mungu akubariki kwa kuumia hivyo. Mimi ni padre, nipo parokia ya kijijini.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 90, yanaruhusu matangazo mafupi kabla ya baraka, kama yanahitajika. Mafupi! Deni la mtu halina nafasi pale. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la fedha. Hesabu zikae huko, na ubaoni iwekwe jumla ya parokia bila majina.

Nasi mapadre tuna la kurekebisha. Mwaka 2024 Papa Fransisko alisema mahubiri yasizidi dakika nane. Mimi nilikuwa nakwenda dakika 35. Sasa Jumanne jioni nasoma masomo ya Dominika pamoja na jumuiya moja, kwa zile hatua saba za kushirikishana Neno la Mungu, na mahubiri yangu yanatokana na yale niliyosikia kwao. Yamekuwa mafupi, na watu wanasikia maisha yao ndani yake.

Mweka Hazina

Naomba nitofautiane kidogo. Paa la kanisa letu la kigango, tawi la parokia, limeezekwa kwa jogoo hao hao na mikungu ya ndizi. Mzee asiye na fedha taslimu analeta alichonacho, na anajivunia. Mkifuta mnada mtakuwa mmemfungia mlango. Ujenzi utasimama, lawama itakuwa ya katibu.

Mama Mapacha

Mweka Hazina, upo sahihi kuhusu yule mzee. Kwetu mnada upo baada ya baraka, nje, chini ya mwembe. Anayetaka anabaki, watoto wanafurahi, na asiye na kitu anakwenda nyumbani amebarikiwa.

Katekista Mstaafu

Wanangu, nimefundisha dini miaka 31, nyingi kigangoni ambako Dominika bila padre ni jambo la kawaida. Tulikuwa tunasoma Neno, tunasali, tunaombea wagonjwa kwa majina, halafu baada ya ibada tunakwenda kuwaona.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1973, na tena 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Sisi tumeigeuza jumuiya kuwa kituo cha kukusanyia michango. Hapo ndipo pa kuanzia, katibu, kabla ya kwaya na kabla ya spika.

Fanya hivi. Daftari la jumuiya lina safu ya waliotoa na wasiotoa. Fungua ukurasa mwingine: wagonjwa, wageni, waliofiwa, tusiowaona siku hizi. Kila jina lipewe watu wawili wa kulitembelea, wasiende na bahasha. Sisi tulipoanza, ukurasa wa kwanza ulijaa majina 23 katika jumuiya moja yenye kaya 40. Tulikuwa tunasali nao mtaa mmoja na hatujui. Na vijana wapeni kazi hii. Waliokuwa hawaji jumuiyani walikuja kwa sababu kuna bibi anawasubiri.

Mlei wa Ziwani

Wapendwa, asanteni sana. Kikao kilikuwa jana. Tumekubaliana matangazo yasizidi dakika tano na hakuna jina la mdaiwa litakalosomwa tena. Mnada unahamia nje baada ya baraka. Mweka Hazina, hoja yako niliisoma kama ulivyoiandika. Kwaya wameomba wafikirie hadi Majilio. Ukurasa wa katekista tunaanza na jumuiya tatu.

Sikusubiri kikao. Jumanne nilikwenda kwa yule mama wa dagaa na mke wangu, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akatukaribisha ndani. Nyuma ya pazia alikuwa amelala mama yake mzazi, kiharusi, hajapokea komunyo tangu kabla ya Pasaka. Alisema aliogopa kumwomba padre wakati anadaiwa shilingi 30,000.

Ijumaa ya kwanza Baba Paroko anampelekea Ekaristi. Nitabeba mshumaa, na wanajumuiya sita wameshasema watakuwepo.