Tungule za uwandani zimegeuka manjano, yuria haisaidii

Mkulima_Paje: Asalaam aleikum. Tungule (nyanya) zimepandwa uwandani, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kila shimo samadi ya ng'ombe na jivu la kuni. Wiki ya 5 majani ya juu yamekuwa manjano, mishipa bado kijani. Ya chini mazima. Yuria imetiwa mara 2, bila bila. Maji ya kisima.

BwanaShamba: Waaleikum salaam. Yuria iache, hiyo ni mbolea ya naitrojeni. Ingekuwa njaa ya naitrojeni, yangeanza majani ya chini, tena jani zima. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma chenyewe kimo udongoni, ila jiwe la matumbawe ni chokaa tupu. pH (kipimo cha asidi ya udongo) ikipanda, yaani asidi ikipungua, chuma hushikwa na mizizi haikipati. Jivu nalo hupandisha pH, kwa hiyo umetia chokaa juu ya chokaa! Jivu hufaa kwenye udongo wenye asidi, si huko. Kwa sasa tafuta chuma cha kupulizia majani, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye pakiti, upulize jioni. Salfeti ya chuma ukiimwaga chini itashikwa vilevile.

Mboji_Makunduchi: Kupuliza ni kutuliza tu, majani mapya yatarudi manjano. Dawa ni mboji. Tabaka 3 za majani makavu kwa 1 ya mabichi, samadi kidogo katikati, maji kiasi cha kwamba ukikamua konzi yatoke matone mawili matatu. Chomeka kijiti ndani: kikitoka baridi wiki ya kwanza, rundo ni kavu au halina mabichi ya kutosha. Geuza kila wiki 2. Miezi 3 hivi iko tayari. Shimo la sm 60 kwa 60, kina sm 40, litie ndoo 3 za lita 20 za mboji, nafasi inayobaki udongo. Ukikuta jiwe usihangaike na mtaimbo, zungushia mawe uinue tuta. Mwani uliotupwa unafaa pia, lakini uache unyeshewe kwanza, chumvi itoke.

Tangi_la_Mvua: Kingo za majani zimeungua? Hiyo huwa dalili ya maji ya chumvi. Kisima cha karibu na pwani ukikivuta sana wakati wa kaskazi, maji ya bahari hupanda. Paa la mita za mraba 50, mvua ya mm 20, ni lita 1,000 kabla ya kinachopotea. Tega mfereji.

Mkulima_Paje: Kingo nzima. Jivu lililokwisha ingia litolewe?

BwanaShamba: Halitoki. Tandaza mboji juu, usichimbue mizizi.