Upasuaji wa kiungulia ulifeli, sasa ninaambiwa nipasuliwe tena

Kutoka: mwenzenu aliyeko Leicester, mzaliwa wa Makete

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu kamwene. Naomba mawazo ya yeyote aliyepitia haya. Mwaka 2019 nilifanyiwa hapa Uingereza upasuaji wa matundu madogo kwa ajili ya kiungulia kilichonitesa miaka mingi pamoja na henia ya kifuani, yaani sehemu ya tumbo kupanda kifuani. Miaka mitatu ya mwanzo nililala usingizi wa raha bila kumeza kidonge hata kimoja. Tangu mwaka jana chakula kinakwama kifuani, maji machungu yanapanda kooni kila ninapoinama kumvalisha viatu mzee ninayemhudumia kazini, na nimerudi kwenye omeprazoli, vidonge vya kupunguza asidi, asubuhi na jioni. Wiki iliyopita daktari wa upasuaji, baada ya kusoma majibu ya endoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa kooni, aliniambia kwamba kazi ya kwanza imefumuka na kwamba anaweza kuniweka kwenye orodha ya kupasuliwa tena. Mama yuko Makete, ananisihi nirudi nitibiwe karibu naye. Tiketi ya Desemba nimeshailipia. Je, nikubali kupasuliwa sasa ili Desemba niende nikiwa mzima, au nisubiri? Naogopa, na huku sina wa kumuuliza kwa lugha yangu.

Kutoka: mwenzenu aliyerejea nyumbani, Mbeya

Marahaba mdogo wangu, ugonile. Pole sana kwa maumivu na kwa hofu yenyewe. Nilikaa Uingereza miaka ishirini na miwili kabla ya kurudi hapa Uyole, na nimepasuliwa mara mbili kwa ugonjwa huo huo, mwaka 2011 na 2018, kwa hiyo pokea haya kama maneno ya mgonjwa mwenzako; ya kitabibu mwachie daktari wako. Ninalokuomba ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba usitie saini karatasi ya kukubali upasuaji wa pili mpaka umeelezwa, kwa maneno unayoyaelewa, ni kitu gani hasa kilichoharibika katika ule wa kwanza. Neno "imefumuka" halitoshi.

Katika upasuaji huu, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, yaani tumbo lenyewe, hupitishwa nyuma ya mwisho wa umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, ikazungushwa na kushonwa kwa mbele, kama mama anavyojifunga kanga kiunoni. Na lile tundu la kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambamo umio hupita hupunguzwa kwa mishono. Sasa kanga inaweza kulegea na kufunguka. Inaweza kupanda kupitia lile tundu na kuingia kifuani pamoja na sehemu ya tumbo. Inaweza kuteleza ikashuka, ikalikaba tumbo lenyewe badala ya umio, au ikawa ilikazwa mno tangu siku ya kwanza. Kila hali ina matengenezo yake. Tena ipo hali nyingine ambayo watu hawaizungumzi sana, nayo ni kwamba kanga iko palepale ilipofungwa, asidi haipandi kupita kiasi, ila maumivu yanatokana na jambo jingine, kama umio usiosukuma chakula vizuri au tumbo linalochelewa kukitoa. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa tena kwa kukisia, anaweza kutoka na shida mbili badala ya moja.

Mimi nililielewa hili siku ya kipimo cha bariamu. Walinisimamisha mbele ya mashine, nikapewa kikombe cha maji mazito meupe yenye ladha ya chokaa, na nilipomeza nikayaona kwenye kioo yakishuka vizuri mpaka karibu na kiwambo, yakasimama, yakajikusanya kama dimbwi, kisha yakapenya kwa mstari mwembamba kama uzi. Juu ya kiwambo palikuwa na kifuko ambacho hakikupaswa kuwapo. Tumbo langu lilikuwa limepanda kifuani na kanga yake, ilhali endoskopi ya mwezi uliotangulia ilikuwa imesema tu kwamba umio umechubuka kidogo. Kwa hiyo muulize daktari wako kama bariamu imo kwenye mpango.

Muulize pia habari za vipimo viwili vya mrija. Cha kwanza hupima nguvu ya umio: mrija mwembamba hupitishwa puani, nawe unameza maji funda moja moja huku mashine ikiandika jinsi msuli unavyojikaza. Cha pili hupima asidi kwa saa 24. Unarudi nyumbani na mrija wako puani na kisanduku kiunoni, unabonyeza kitufe kila kiungulia kinapokuja, na kabla yake mara nyingi utaambiwa uache omeprazoli kwa wiki moja hivi. Wiki hiyo ni ngumu, sikufichi. Mimi niliinua kichwa cha kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu miwili, nikala chakula cha jioni saa kumi na mbili, na bado nililala nimekaa. Hata hivyo vipimo hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama asidi inapanda kweli, na kama umio wako una nguvu za kustahimili kanga ya mzunguko kamili. Umio ukiwa dhaifu, wapo wanaochagua mzunguko wa sehemu tu.

Hapo ndipo ripoti ya upasuaji wako wa 2019 inapohitajika. Ukikuta imeandikwa Nissen, jina la yule daktari aliyeutangaza upasuaji huu mwaka 1956 akiwa Basel, Uswisi, maana yake kanga ilizungushwa duara zima, digrii 360. Ikiandikwa Toupet, ni mzunguko wa sehemu tu, kama digrii 270 kwa upande wa nyuma. Ripoti hiyo hueleza pia kama tundu la kiwambo lilishonwa na kama liliwekewa wavu wa kuliimarisha. Hapo Uingereza una haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu zako za matibabu bila malipo, na kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Omba leo, hata kama hujaamua lolote. Ukiogopa kwamba Kiingereza cha kidaktari kitakupita, omba mkalimani siku ya kliniki; ni huduma ya bure na haipunguzi heshima yako.

Kuhusu matumaini, nakuambia kama ninavyomwambia dada yangu wa tumbo moja. Kurudiwa na ugonjwa baada ya upasuaji si aibu wala si ajabu. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 2,655 waliopasuliwa kwa matundu madogo, na asilimia 17.7 yao walirudiwa. Kati ya hao waliorudiwa, wengi walirejea kwenye dawa na kama mmoja kati ya sita ndiye aliyepasuliwa tena. Basi kubaki kwenye dawa ni njia halali, ikiwa dawa inatuliza na chakula kinapita. Kwako wewe chakula kinakwama na maji yanapanda ukiinama, na vidonge hupunguza ukali wa asidi lakini havizuii kilichomo tumboni kupanda, kwa hiyo naelewa kwa nini upasuaji umetajwa.

Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Makovu huwa yameshikamanisha ini, tumbo na kiwambo, daktari huyatenganisha polepole, na hatari ya kutoboa umio au tumbo, au ya kujeruhi neva inayoliendesha tumbo, huwa kubwa zaidi. Wengi hupata nafuu, ila kwa jumla matokeo hayafikii ya mara ya kwanza, na ya mara ya tatu hushuka tena. Ndiyo sababu ningetaka upasuliwe na mtu anayefanya marudio haya mara kwa mara. Muulize waziwazi amefanya mangapi. Daktari mzuri hachukii swali hilo. Kama uzito wako ni mkubwa sana, anaweza kukutajia njia ya kukata na kuunganisha upya tumbo na utumbo badala ya kufunga kanga nyingine. Usishtuke, ni njia inayotambulika.

Sasa Desemba. Usipasuliwe kwa kuifukuzia tiketi. Wiki za mwanzo utakuwa kwenye vya majimaji, halafu vilaini, na ugali hasa ndio unaokwama, kwa sababu hushikamana ukawa donge. Nakumbuka tonge moja dogo nililolimeza wiki ya nne baada ya upasuaji wangu wa pili: lilikaa kifuani nusu saa, nikasimama dirishani nikitema mate kwenye taulo, kwani hata mate hayakushuka. Ukifika Makete wakati wa sikukuu, kila nyumba itakukaribisha ugali na nyama, na kukataa kutamuumiza mama kuliko wewe. Ongeza safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam kama hupandi ndege ya Songwe, na masanduku ya kilo 23 ambayo hutaruhusiwa kuyainua. Nenda kwanza, umwone mama, ule kidogo kidogo, urudi upimwe. Au ahirisha safari kabisa. Na mama akisema ni vidonda vya tumbo, mweleze taratibu, maana huku kwetu kila kinachochoma kifuani huitwa hivyo, kisha mtu hupewa dawa ya vidonda mwaka mzima.

Wakati unasubiri, chakula kikikwama hata mate yasipite, ukitapika damu au kitu cheusi, au ukipata maumivu makali ya kifua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kutoka: mwenzenu aliyeko Birmingham, mzaliwa wa Mafinga

Kaka amemaliza, mimi naongeza la kazini tu, kwa kuwa nami ni mhudumu wa wazee. Siku saba za mwanzo za ugonjwa unajithibitishia mwenyewe, baada ya hapo unahitaji cheti cha daktari, na malipo ya kisheria ya ugonjwa kwa anayestahili huweza kufika wiki 28. Mwombe daktari aandike kwenye cheti kwamba usiinue wagonjwa kwa muda atakaoutaja yeye. Bila maandishi hayo msimamizi atakupanga zamu kama kawaida, kama nilivyopangwa mimi baada ya upasuaji mwingine, na mshono ukanisumbua miezi.

Kutoka: mwenzenu aliyeko Leicester

Nawashukuru sana, kaka na dada. Leo nimetuma maombi ya ripoti ya 2019, na nimempigia katibu wa daktari kuuliza kuhusu bariamu na mirija. Amesema vipimo vya mirija vina foleni yake na jina langu litaingizwa. Upasuaji nimeomba usubiri majibu. Desemba nitasafiri, na jana usiku nilimweleza mama jambo la ugali. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama viazi vya kuponda vinaruhusiwa, kwa sababu mwaka huu vimezaa vizuri.