Kutoka F-150 kwenda pikapu ndogo, watoto watatu kiti cha nyuma: nani amejaribu?

BabaPacha

Wakuu, heshima kwenu.

Nina pikapu kubwa, Ford F-150 ya 2016, ile ya milango minne yenye V8 ya lita 5.0. Nimekaa nayo miaka sita na haijawahi kunilaza njiani. Mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi ni kati yake na familia yangu.

Tuna mapacha wa miaka minne na wa tatu yuko njiani, imebaki miezi minne. Mke wangu ni mfupi. Ili amfunge mtoto mkanda inabidi apande stepu, mkono mmoja ushike mpini wa kwenye nguzo, mwingine umbebe mtoto. Mimba ilipofika mwezi wa tano akaniambia kwa upole kabisa, "Baba Pacha, hili gari sipandi tena na mtoto mkononi." Tangu siku hiyo kila safari dereva ni mimi, hata ya kufuata kalamu za rangi.

Halafu kuna suala la banda. Kwa ndani lina urefu wa mita 5.7. Gari lina mita 5.89. Fanyeni hesabu wenyewe. Miaka sita mlango wa banda haujafungwa hata siku moja.

Kabla hamjaniuliza nililinunulia nini: mwaka jana nilianza kuandika kwenye kidaftari kila mara nilipolifanyisha kazi ambayo gari la kawaida lisingeiweza. Nilidhani ningejaza kurasa. Kwa miezi kumi na miwili nimevuta trela ya boti mara nne, nimebeba mbao mara mbili, na friji moja ya shemeji (hakuchangia hata lita ya mafuta). Baiskeli za watoto nyingi tu. Safari zilizobaki zote nilikuwa nabeba hewa, kwa wastani wa lita 14 kila kilomita 100.

Nafikiria Ford Maverick, au zile za kati kama Toyota Tacoma na Ford Ranger. Maswali yangu ni mawili. Viti vitatu vya watoto vinakaa kweli, viwili vikitazama mbele na kimoja nyuma? Na boti nitaivuta, au niiage? Naomba walioishi na haya magari, siyo walioangalia video.

ZeeLaTrela

Kijana, usiuze. Mimi niliuza langu kubwa nikachukua dogo, mwaka haukuisha nikawa nazunguka kuazima. Pikapu ni kama ngazi, huitumii kila siku lakini siku unayoihitaji hakuna mbadala. Mke mnunulie stepu ndefu zaidi.

MamaWaWatatu

ZeeLaTrela, stepu ndefu zaidi kwa mtu mwenye mimba ya miezi mitano? Haya.

BabaPacha, hili nimelipitia, tena kwa kukosea. Tulinunua pikapu ya kati bila kujaribu viti. Tuliangalia nje, tukaona ni ndefu, tukasema ndani patatosha. Urefu ule wote umekwenda kwenye bodi (sehemu ya mizigo nyuma) na boneti. Ndani, mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima kama benchi la kusubiria daktari na magoti yanagusa kiti cha mbele. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kilipoingia, kiti cha abiria wa mbele ikabidi kisogezwe hadi mume wangu akawa anasafiri magoti yakiwa kwenye dashibodi. Akapendekeza mtoto ahamie mbele. Nikamwambia hapana: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya begi la hewa linalofanya kazi, likifumuka linampiga mtoto kichwani.

Kwa hiyo usilinganishe urefu wa gari, linganisha nafasi ya miguu ya kiti cha nyuma. Hiyo F-150 yako ina takriban sentimita 111. Maverick ya petroli ina 94. Tacoma mpya ya milango minne, ambayo kwa nje ni ndefu kuliko Maverick, ina 86 hivi. Mimi nilishangaa pia.

Jambo la pili ni upana. F-150 nyuma, bega hadi bega, inaizidi Maverick kwa zaidi ya sentimita 20. Hapo ndipo viti vitatu hukwama. Usipime kwa macho. Chukua viti vyako vyote, nenda navyo, vifunge, kisha funga milango yote miwili. Ukisha kuifunga, jaribu kuchomeka mkanda wa yule wa pembeni bila kumwondoa jirani yake. Sisi kiti kiliingia vizuri, ila kifungio cha mkanda kilizama chini yake. Kila asubuhi nilikuwa nachomeka kwa vidole viwili huku natukana kimoyomoyo.

Angalia pia vishikizo vya ISOFIX, vile vyuma vya kwenye kiti cha gari vya kushikia kiti cha mtoto. Pikapu nyingi zimewekewa kwenye nafasi mbili za pembeni tu, kiti cha kati kinafungwa kwa mkanda wa gari. Si dhambi, ila kiti utakachoweka katikati kiwe kinachoruhusu hivyo. Na ule mkanda wa juu wa kiti cha mtoto, kwenye pikapu mara nyingi hakuna pa kuufunga palipo wazi kama kwenye gari la kawaida, kwa sababu nyuma ya kiti kuna ukuta. Unapitishwa kwenye kitanzi nyuma ya kiti, halafu wakati mwingine unaenda kushikwa kwenye kitanzi cha kiti cha jirani. Soma kitabu cha gari. Usibuni.

Halafu kigari cha mtoto. Sasa hivi nahisi mnakilaza chini, miguuni pa mapacha. Kwenye gari dogo hiyo sakafu haipo, kitahamia bodi. Mvua ikinyesha unamweka mtoto kwenye kigari kilicholowa. Nunua kifuniko cha bodi siku hiyo hiyo unayonunua gari.

FundiChasisi

Mama Watatu kamaliza habari za ndani. Mimi naongelea uzito.

Watu wanaamini gari kubwa ndilo linalobeba sana. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko kinachoonyesha uzito wa watu na mizigo kwa pamoja. F-150 yenye milango minne, foo wili na vikorombwezo vyote imekula sehemu ya uwezo wake kwa kujibeba yenyewe. Hilux au Ranger ya kazi, katika masoko mengi, inabeba karibu tani moja na kuvuta hadi kilo 3,500 kwa trela yenye breki. Udogo wa gari na udogo wa uwezo ni vitu viwili.

Ila hizo zina chasisi ya ngazi na springi za vyuma bapa nyuma, zilizotengenezwa kwa ajili ya mzigo. Zikiwa tupu zinarusha. Watoto wakilala wataamshwa na kila tuta. Maverick, Hyundai Santa Cruz na Honda Ridgeline hazina chasisi ya peke yake, mwili wa gari na fremu ni kitu kimoja kama saluni. Ziko chini na zimetulia zaidi. Ridgeline hata ina buti chini ya sakafu ya bodi, unafunga na ufunguo, kigari cha mtoto kinakaa humo kikavu.

Maverick sasa. Bila kifurushi cha kuvutia trela, mwisho wake wa kuvuta ni kilo 907. Ukiwa nacho ni 1,814. Si kitu cha kuongeza baadaye kwa kuchomelea ndoano, kinakuja na upoozaji wake kutoka kiwandani, kwa hiyo hakikisha gari unalotazama linacho. Ile ya haibridi (petroli na umeme) inakunywa kidogo sana, lita 6 na kitu kwa kilomita 100, lakini kabla ya modeli ya 2025 ilikuwa inavuta kwa magurudumu ya mbele tu na kifurushi hicho haikupewa. Wewe unapandisha boti kwenye mteremko wenye maji na ukoka. Tafuta ile ya turbo lita 2.0 yenye kuvuta kwa magurudumu yote.

Boti yako na trela vina kilo ngapi? Nataka za kwenye mizani, sio za kwenye karatasi.

PilipiliKichaa

Mtu anabeba friji moja kwa mwaka, kwa nini bado anataka pikapu? Chukua gari la viti saba, kodi pikapu siku ya friji. Au safari hii shemeji akodi mwenyewe.

BabaPacha

PilipiliKichaa, swali lako linaniuma kwa sababu ni zuri. Nimelifikiria wiki nzima. Jibu la kweli ni kwamba vitu vyetu ni vichafu. Boti ikitoka majini kuna kamba zilizoloa, makoti ya kuogelea, ndoo, viatu vya tope na mapacha wawili ambao nao inabidi wakung'utwe. Nilipokuwa na wagoni zamani ndani palinuka kisima. Bodi naimwagia maji kwa bomba na kazi imekwisha. Sihitaji bodi kubwa, nahitaji mahali pa uchafu palipotengwa na mahali pa watu.

FundiChasisi, nimeenda kwenye mizani. Boti, injini yake, mafuta na trela: kilo 1,240. Asilimia 10 inayoegemea ndoano ni 124. Mimi 78, mama 66, mapacha 17 kila mmoja, mchanga tumpe 5, viti vitatu 30. Jumla 337.

Kibandiko cha F-150 yangu kinasema 760. Maverick niliyoiona kinasema 680. Yaani baada ya familia nzima na boti, dude langu linabakiza kilo 423 na kale kadogo kanabakiza 343. Tofauti ni kilo 80. Miaka sita nimeacha mlango wa banda wazi kwa ajili ya kilo 80.

FundiChasisi

Usizile zote. Kuvuta si uzito peke yake, kuna upepo, na kuna kusimama. Gari jepesi linasukumwa na trela kwenye mteremko. Kwa kilo 1,240 nataka trela yenye breki zinazofanya kazi. Zipo?

ZeeLaTrela

Swali zuri. Na mbao? Bodi ya hako kagari ina mita 1.37 tu.

BabaPacha

Mzee wangu, mlango wa nyuma ukilala mbao inapata karibu mita 1.8 za kulalia. Ubao wa plaiwudi wa futi nne kwa nane unakaa juu ya matao ya magurudumu, mlango ukisimamishwa nusu. Nimejaribu. Muuzaji alinitazama kama mwizi nilivyoingia na plaiwudi.

Sasa mrejesho wa viti, maana ndicho kilichotupeleka. Nilivipima nyumbani: vya mapacha sentimita 47 kila kimoja, cha mchanga 44. Jumla 138. Nikasema nyuma pana 141 bega kwa bega, tumepona. Hatukupona. Kule chini makalio yanapokaa ni pembamba kuliko mabegani, mlango ulifungika kwa kusukumwa na goti na kifungio cha mkanda kikazama kama alivyosema Mama Watatu. Nilitukana pia.

Siku ya pili tukarudi na viti viwili vyembamba vya kuazima, sentimita 43. Vikakaa. Pacha mmoja katikati kwa mkanda wa gari, mwenzake nyuma ya dereva, mchanga nyuma ya abiria. Mama akaingia kiti cha abiria, kikasogezwa mbele, akakaa bila shida kwa sababu, kama nilivyosema, ni mfupi. Nikashangilia.

Halafu akashuka, akamtoa mwanasesere tuliyemfunga kwenye kiti cha mchanga, akamrudisha, akamfunga tena. Miguu yote miwili chini. Hakushika mpini wowote. Akazunguka akakaa kwenye usukani, akaniambia nipande nikae pale alipokuwa yeye. Nina mita 1.86. Mama Watatu, msalimie mumeo, nimemwelewa.

Kwa hiyo uamuzi umefikiwa, na sikuulizwa sana. Tunachukua ya turbo yenye kifurushi cha kuvutia na kifuniko cha bodi. F-150 bado ipo, tangazo nimeliandika mara mbili nikalifuta mara mbili.

FundiChasisi, breki za trela nimezifungua jana jioni. Upande wa kushoto zinashika, wa kulia ngoma imeota kutu na viatu vya breki vimegandia humo ndani. Nibadilishe upande mmoja, au nibadilishe zote mbili kwa pamoja?

FundiChasisi

Zote mbili. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine trela itakuvuta pembeni. Na kabla ya kufunga mpya angalia beringi, kama maji yameingia kwenye ngoma basi na huko yameingia.