Mapengo mawili ya ukubwa mmoja msituni, mbona yanajazwa na miti tofauti?

Mteremko
Wakuu, kuna mapengo mawili kwenye msitu wa mlimani, mteremko wa nyuzi 30. Kila moja lina urefu wa mita 18 kufuata mteremko na upana wa mita 10. La kwanza mti uling'oka na mizizi yake, sasa limejaa miti ipendayo jua. La pili mti ulifia umesimama, ukadondoka vipande vipande, na linajazwa na miche ya miti ya kivuli. Ukubwa si ndio unaoamua? Na je, napaswa kupanda miche?

Timazi
Tuanze na kipimo. Hiyo mita 18 imevutwa juu ya ardhi iliyoinama, kwa hiyo zidisha kwa 0.866 (kosaini ya nyuzi 30) upate urefu wa mlalo, mita 15.6. Ukilichukulia pengo kama duaradufu, urefu × upana × 0.785 ni kama mita za mraba 122. Bila kusahihisha ungeandika 141.

Mpaka wa pengo ni ncha za matawi ya miti inayolizunguka: simama chini yake, dondosha timazi, weka alama. Wengi hupima hadi kwenye mashina. Hicho ni kipimo kingine, kiitwacho "pengo pana", nacho kina kazi yake kwa sababu mwanga hupenya hata chini ya miti ya pembeni. Usivichanganye kwenye daftari moja.

Mzizi Mkavu
Ukubwa unaamua kiasi cha mwanga, lakini namna mti ulivyoanguka inaamua hali ya udongo, na hapo ndipo mapengo yako yanapoachana. Mti uking'oka, sahani ya mizizi inainua udongo, unabaki shimo na kichuguu, yaani tuta la udongo ulioinuliwa. Mbegu ndogo za miti ipendayo jua hazina akiba ya kutosha kupenya tabaka nene la majani makavu, zinahitaji udongo mtupu. Zitafute ubavuni mwa kichuguu. Kileleni hukauka upesi, na shimoni maji hutuama, majani yanajaa na miche inaoza.

Mti ukifia umesimama, mwanga unaongezeka polepole na ardhi haiguswi. Miche iliyokuwa ikisubiri kivulini inakuwa imeshatangulia.

Mtambaazi
Naongezea la mteremko. Taji la mti (matawi na majani ya juu) huwa zito upande wa bonde, hivyo miti mingi huangukia chini na kubomoa mingine, hasa udongo ukiwa haba na umelowa. Mitambaazi iliyofunga mataji pamoja huvuta jirani naye akaanguka. Ndiyo maana mapengo mengi ya mlimani ni marefu kuliko mapana.

Kuhusu kupanda, hesabu kwanza. Weka viploti vya mita 2 kwa 2 katikati, pembeni na kwenye kichuguu, uandike kila mche na urefu wake. Kama miche imeenea, fyeka mitambaazi inayoielemea tu. Mianzi au vichaka vikishashika ardhi yote, hapo kupanda kuna maana, na utapalilia mpaka miche ivipite kimo.

Angalia pia miti ya kigeni. Usambara Mashariki, mhesi (Maesopsis eminii) ulioletwa kupandwa umeenea hadi kwenye mapengo ya msitu wa asili, hondohondo wakibeba mbegu. Ung'oe ukiwa mdogo, mzizi wote utoke.