Mjadala: Hivi Moe Berg alikuwa shushushu kweli au tunapigwa stori?

Wakuu habari za jioni. Jana nimemaliza ile dokumentari ya 2019 ya Aviva Kempner kuhusu Moe Berg, tukabishana na wife mpaka saa nane usiku, sasa naileta hapa.

Kwa wasiomjua, Berg alikuwa Mmarekani mcheza besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira. Uwanjani wa kawaida sana, misimu 15 ligi kuu muda mwingi yuko benchi, ila kichwani jamaa moto, kapita Princeton, kasoma sheria Columbia, na lugha kibao mpaka wakawa wanamtania kwamba anajua lugha saba na zote hazimsaidii kupiga mpira.

Sasa 1934 timu ya mastaa wa Marekani inaenda Japani, yumo Babe Ruth, yumo Lou Gehrig, na huyu mkaa benchi naye kapachikwa. Siku moja wenzake wameenda kucheza Omiya yeye kabaki Tokyo, kavaa kimono, kabeba maua, huyoo hospitali ya St. Luke's, eti anakwenda kumpa hongera binti wa balozi wa Marekani aliyejifungua. Binti wa watu hakumwona hata kisigino. Jamaa kapanda mpaka juu kabisa, akachomoa kamera aliyoificha kwenye kimono, akaanza kurekodi mji mzima.

Halafu tunaambiwa picha hizo zilisaidia ndege za Marekani zilizoongozwa na Doolittle kuipiga Tokyo kwa mabomu Aprili 1942. Hapo mimi nimegoma! Picha za miaka saba na ushee, za mtu mmoja kazungusha kamera mchana mmoja, ndo upangie safari ya ndege 16? Na 1934 hiyo OSS, shirika la ujasusi la Marekani wakati wa vita, aliyokuja kuifanyia kazi ilikuwa haijazaliwa. Kwangu huyo ni mtalii mwenye kiherehere.

Mleta mada umechemsha, umeng'ang'ania Tokyo wakati kazi yenyewe iko Zurich, Desemba 1944. OSS wamempa bastola na kidonge cha sumu akakae kwenye mhadhara wa Heisenberg, kichwa cha fizikia cha Wajerumani, na maelekezo ni kwamba akisikia chochote cha kuonesha wanakaribia bomu la nyuklia ammalize palepale. Akasikiliza, akapima, hakufyatua. Na vita ilipoisha ikaonekana kweli walikuwa mbali, hata mtambo wao wa majaribio haukuwahi kuwaka sawasawa. Mpenda sifa angepiga.

Mkuu hapo nakuunga mkono nusu. Ule mhadhara ulikuwa wa nadharia nyingine kabisa, bomu halimo, sasa mtu kutotaja bomu mbele za watu ni ushahidi gani? Afadhali ile dina baadaye, Heisenberg alipokubali kwamba vita wameshapoteza. Mtu mwenye bomu mfukoni haongei hivyo.

Nyie mnagombania ushujaa, mie dada yenu nauliza kingine. Hospitali ya wazazi ndo sehemu ya kuendea na uongo? Kwetu ukienda kumwona mzazi unabeba mtori, sio kamera. Na wale wenzake wangekamatwa naye je? Ruth kaenda kupiga mpira, watu wa Tokyo wamejaa barabarani kumshangilia, kumbe ndani ya msafara kuna mtu anawachora. Wanamichezo wanafunguliwa milango kwa sababu watu wanawaamini, ukishaitumia nafasi hiyo kishushushu umewaharibia wote watakaokuja nyuma yako, iwe vita au amani.

Dada hiyo ndo hoja ya wife neno kwa neno, sijui mmepigiana simu. Mimi nilimjibu kwamba Japani wakati ule ilikuwa tayari imeshaikalia kimabavu Manchuria kule China, sio kwamba alikuwa anapeleleza watakatifu. Akaniuliza, sasa mbona vita ilipoisha wakampa Medali ya Uhuru akaikataa, mpaka amekufa 1972 ndo dada yake akaenda kuichukua? Hapo nikajifanya nimesinzia.