Nilivunjika muundi mwezi wa kwanza: je, mwezi wa tisa nitaweza kutembea kutoka Dodoma hadi Kolo?

Mwalimu wa Nkuhungu

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kuhusu mguu wangu wa kulia na safari ya miguu ambayo ukoo wetu umeipanga mwezi wa tisa, kwa sababu watu wa nyumbani wananivuta huku na huku na kila mmoja anasema kwa nia njema.

Mwishoni mwa Januari niligongwa na bodaboda nikiwa nimesimama kando ya barabara. Mifupa yote miwili ya chini ya goti ilivunjika, yaani muundi na ule mwembamba wa pembeni, ila ngozi haikuchanika. Nilifanyiwa upasuaji, nikapitishiwa chuma kirefu ndani ya muundi, kikafungwa kwa skrubu karibu na goti na juu kidogo ya kifundo. Nilianza na magongo mawili, nikaenda na gongo moja, na tangu katikati ya Mei natembea bila gongo nyumbani na darasani, ingawa jioni kifundo huvimba na nikichoka huanza kuchechemea. Katika eksirei ya mwisho daktari alisema mfupa mpya umeanza kuonekana vizuri, akanipangia nirudi mwishoni mwa Julai. Maumivu yaliyobaki ni ya goti kwa mbele ninaposujudu, na ugumu wa kifundo ninapoamka.

Safari yenyewe ni ya kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa, kilometa zipatazo 160, na kuendelea hadi Kolo kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ratiba ni ya siku 8, kwa hiyo kila siku ni zaidi ya kilometa 20. Baba mdogo, ambaye ujanani aliijua njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe, anataka tuipite pamoja naye angali na nguvu, na mimi, kwa kuwa ni kifungua mimba wa marehemu kaka yake, nimepewa kazi ya kutangulia msafara. Mke wangu anasema nisithubutu. Wadogo zangu wanasema dawa za maumivu zipo.

Naomba kujua nifanye mazoezi gani kuanzia sasa, mwezi huu wa sita, na ni dalili zipi zitakazoniambia kwamba mguu uko tayari au hauko tayari.

Mzee wa Mpwapwa

Pole sana, Mwalimu, na tumshukuru Mungu kwamba uko hai.

Mimi nakushauri uahirishe. Watu wengi wanadhani chuma ndicho kinachobeba mwili mpaka mwisho wa maisha, kumbe chuma ni msaidizi wa muda tu wakati mfupa unajijenga. Mfupa ukichelewa kuunga huku mtu anaukanyaga kwa mwendo mrefu siku baada ya siku, chuma huchoka na kukatika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa pale pale. Jambo hilo nimeliona kwa jirani yangu, naye alilazimika kurudi chumba cha upasuaji kuanza upya, jambo ambalo lilimgharimu fedha na muda kuliko mara ya kwanza. Baba mdogo ni mtu mzima, ataelewa ukimwambia mapema na kwa heshima.

Fizio wa Makole

Mwalimu, pole. Kazi yangu ni tiba ya viungo, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo, lakini neno la mwisho kuhusu mfupa wako ni la daktari aliyekupasua, kwa sababu yeye ndiye anayeziona picha zako.

Mzee wa Mpwapwa amesema kweli kuhusu chuma. Mfupa wa muundi kwa mtu mzima huchukua miezi minne hadi sita kuunga, na kwa baadhi ya watu huzidi hapo, hasa wavutaji wa sigara na wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa. Katika eksirei ya mbele na ya ubavu daktari huangalia kingo nne za mfupa. Tatu kati ya hizo zikiwa zimeunganishwa na mfupa mpya, na mgonjwa akiwa anakanyaga bila maumivu pale palipovunjika, ndipo kwa kawaida husemwa kwamba mfupa umeunga. Hilo ndilo swali la kumuuliza mwezi wa saba. Usimuulize tu kama unaendelea vizuri, maana jibu la swali hilo halitakusaidia kupanga safari.

Hata hivyo, mfupa kuunga na mguu kuwa tayari kwa safari ni mambo mawili, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Misuli iliyokaa miezi bila kazi hupungua haraka na hurudi polepole. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime unene wa kigimbi cha kila mguu mahali palepale, uone tofauti. Kisha shika ukuta, simama kwa mguu mmoja na uinuke kwa vidole mara nyingi uwezavyo, kwanza kwa mguu mzima, halafu kwa mguu uliovunjika. Kama mguu wa kulia hauwezi hata nusu ya ule wa kushoto, basi kuchechemea kwako jioni si uchovu wa kawaida, ni kigimbi kinachoshindwa kukusukuma mbele. Kilometa zipatazo 23 za kila siku ya safari yenu ni hatua zaidi ya 30,000, na mtu anayechechemea kwa hatua zote hizo huliumiza goti na nyonga, mara nyingi za mguu ule mzima.

Kwa mwezi huu fanya mazoezi ya kuinuka kwa vidole, ya kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, ya kusimama kwa mguu mmoja, na ya kukunja kifundo ukiwa umeweka goti mbele kuelekea ukutani bila kuinua kisigino. Baiskeli ni nzuri sana kwako kwa sababu hujenga paja bila kuugonga mfupa. Ukiona bado unachechemea barabarani, rudisha gongo, ulishike mkono wa kushoto, yaani upande ulio kinyume na mguu ulioumia, kwani huko ndiko linakopunguza mzigo.

Sasa tupige hesabu ya mwendo, maana ndiyo itakayoamua. Tuseme daktari ameridhia uanze na kilometa 4 kwa mara moja kwenye njia tambarare. Kanuni tunayowapa wagonjwa wengi ni kutoongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Ukienda hivyo kwa wiki 12, utafika kilometa 12 au 13. Hutafika 23. Kwa hiyo mimi sikuambii uahirishe na sikuambii uende yote. Nakuambia kwamba mguu wako, mambo yakienda vizuri, utakuwa tayari kwa nusu ya kila siku, na nusu iliyobaki upande gari.

Kuhusu dawa, wadogo zako wasikudanganye. Kumeza diklofenaki kila asubuhi ili uweze kutembea ni kuziba mdomo wa kitu pekee kinachokuonya, na mtu anayetoka jasho juani huku akinywa maji machache huhatarisha figo na tumbo lake kwa dawa za aina hiyo.

Mama Shukuru

Pole mwanangu. Fizio amesema mengi ya maana, lakini asisahau kwamba wazee wetu walivunjika na wakapona. Kuna bibi upande wa Kondoa anayekanda mifupa kwa mafuta ya moto na kuunyoosha mguu, na watu wanamsifu. Pia ule mlenda, unywe maziwa na ubuyu, utaona nguvu zinarudi.

Fizio wa Makole

Shikamoo, Mama Shukuru. Chakula ulichotaja nakiunga mkono chote, na ningeongeza dagaa, mayai, kunde na karanga, kwa sababu mwili unahitaji protini ya kutosha ili kurudisha misuli, nao wagonjwa wengi hapa kwetu hula ugali mwingi na mboga kidogo.

Kukanda ni jambo jingine, na naomba uniwie radhi nikikataa. Mguu wenye chuma hauvutwi wala haunyooshwi kwa mikono. Zaidi ya hapo, mtu aliyevunjika mguu na kufanyiwa upasuaji anaweza kupata damu iliyoganda kwenye mishipa ya kigimbi, na kukanda kigimbi cha namna hiyo kunaweza kuiachia damu hiyo iende kwenye mapafu. Mwalimu, uvimbe wa jioni unaopungua ukilala na kuinua mguu juu ya mto ni wa kawaida kwa miezi mingi. Kigimbi kikivimba ghafla upande mmoja, kikawa cha moto na kuuma, au ukikosa pumzi na kubanwa kifua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Vilevile maumivu yanayozidi mahali palepale palipovunjika, hasa usiku ukiwa umepumzika, au kidonda cha upasuaji kutoa usaha, ni sababu za kumwona daktari kabla ya tarehe uliyopangiwa.

Mtembezi wa Irangi

Njia hiyo naifahamu, kwa hiyo nitasema ya barabarani na kuwaachia wataalamu ya mwilini.

Kwa bahati nzuri njia yenu inafuata barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, ambayo sasa ni lami yote, na mabasi ya kwenda Kondoa na Babati hupita mchana kutwa. Mtu akichoka Mayamaya, ambako ni kilometa zipatazo 43 kutoka mjini, au akichoka karibu na Chemba, hana haja ya kujikaza kwa sababu hakuna usafiri. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama mngekata porini.

Lakini lami nayo ina mambo yake. Mtembea kwa miguu hukaa upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia, na ukingo wa barabara huinama kuelekea nje, kwa hiyo mguu wako wa kulia, ambao ndio mbovu, utakuwa chini kuliko wa kushoto safari nzima, na kifundo kitapindika kidogo kwa kila hatua. Tumia vijia vya ng'ombe na vya wanafunzi vinavyokwenda sambamba na barabara, ambavyo karibu na vijiji vipo. Pale penye mchanga mzito wa makorongo punguza mwendo, maana mchanga huchosha kigimbi upesi.

Mwezi wa tisa ni kiangazi, alfajiri kuna baridi na saa tano jua limeshakuwa kali. Misafara yenye busara huondoka saa kumi na moja alfajiri. Kwa hesabu ya Fizio, kilometa 12 kwa mwendo wa taratibu pamoja na mapumziko utazimaliza kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, yaani utakuwa umetangulia msafara katika saa nzuri kuliko zote.

Kolo ndiyo ninayokuombea uifikirie sana. Kijijini mnapita ofisi ya Mambo ya Kale ili kupata mwongozaji, kisha kuna kilometa kadhaa hadi miambani, na kipande cha mwisho ni kupanda kwenye mawe. Kupanda si shida kubwa kama kushuka.

Mwalimu wa Nkuhungu

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote, nawe Mama Shukuru nakuamkia, shikamoo. Jana jioni nilijipima kama Fizio alivyoelekeza, na kigimbi cha kulia ni chembamba waziwazi. Kuinuka kwa vidole nimeweza mara chache mno kulinganisha na mguu wa kushoto. Nimemweleza mke wangu wazo la kutembea nusu ya kila siku, akasema atakubali iwapo daktari atakubali na iwapo yeye mwenyewe atakuwa ndani ya gari la mizigo. Baba mdogo bado sijamwambia.

Nina maswali mawili. Nitajuaje, kabla ya kuondoka, kwamba kilometa 12 nitaziweza kwa siku 8 mfululizo na si kwa siku moja tu? Na kushuka kule Kolo nijiandae vipi?

Fizio wa Makole

Kipimo ni siku ya pili. Mwishoni mwa Agosti tembea kilometa 10 Jumamosi na 10 nyingine Jumapili, kisha Jumatatu asubuhi uangalie mguu kabla hujala chochote. Kama uvimbe umeshuka, hakuna maumivu palipovunjika, na unatembea kwenda darasani bila kuchechemea, nenda. Kama Jumapili ulimaliza kwa kuchechemea, punguza safari iwe ya siku mbili za mwanzo na ile ya kuingia Kondoa, na siku nyingine ukae na mkeo kwenye gari.

Kwa kushuka, anza na ngazi: shuka moja moja polepole, mguu mzima ukitangulia na mguu wa kulia ukibaki juu kuuzuia mwili usianguke. Hilo ndilo zoezi lenyewe. Likizoeleka na daktari akiridhia, panda kilima cha Mlimwa kwa njia nyepesi mara chache mwezi wa nane, ukiwa na fimbo na mtu wa kukusindikiza. Maumivu ya goti kwa mbele ni ya kawaida kwa waliopitishiwa chuma cha muundi, kwa hiyo yasikutishe. Wakati wa kuswali tumia mkeka mnene au swali ukiwa umekaa kwenye kiti mpaka yatulie.

Baba mdogo mwambie sasa, usingoje Julai, kwamba huenda utatembea nusu. Na daktari akikuambia mwezi wa saba kwamba ni kingo mbili tu zilizounga, mpigie siku hiyo hiyo, ili awe na muda wa kumteua mtu mwingine wa kutangulia.